Naamka kabla ya adhana, mwanangu halali hadi usiku wa manane: usingizi hurithiwa?

Swali: Assalamu alaikum, Daktari. Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Mimi ikishaswaliwa isha sina langu. Saa mbili na nusu niko kitandani, na ikifika saa tisa za usiku macho yamefumbuka yenyewe, bila saa wala mtu wa kuniamsha. Mamangu yuko hivyo hivyo, na bibi yangu, Allah amrehemu, naye alikuwa hivyo. Mume wangu ni mvuvi, yeye hulala anapopata. Shida ni mwanangu wa kiume, ana miaka 16. Umfanye utakalo, halali kabla ya saa saba au saa nane za usiku, na asubuhi kumwamsha kwa skuli ni vita. Mama mkwe asema ni uvivu na simu. Juzi kijana kanijibu kuwa usingizi uko kwenye jeni, eti kaumbwa hivyo. Je, ni kweli au ni kisingizio? Na hao wataalamu wamejuaje, maana usingizi si rangi ya macho useme unauona?

Jibu: Wa alaikum salaam, mama. Mwanao hakusema uongo, ila amechukua ile nusu anayoitaka. Jeni, yaani vile vipande vya maagizo ya mwili tunavyorithi kwa wazazi, zina mkono katika saa ambayo mtu hushikwa na usingizi, na zina mkono pia katika muda anaolala. Lakini kwa kijana wa miaka 16 jeni si mahali pa kuanzia. Pa kuanzia ni umri wake. Na katika hiyo nyumba yenu, nikiulizwa ni nani ambaye usingizi wake unaelekea kuwa wa kurithi, nitakuonyesha wewe.

Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu hilo swali lako la mwisho ni zuri mno. Rangi ya macho unaiona. Usingizi huwezi kuuweka chini ya darubini, na mtu yule yule hulala vingine akiwa safarini, vingine akiwa na mtoto mchanga, vingine mwezi wa Ramadhani. Ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu wenyewe walibishana kama jambo la namna hii linaweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja.

Waliolifuatilia walianza na nzi. Simaanishi nzi wa sokoni, namaanisha vile vijinzi vidogo vinavyozunguka maembe yaliyoiva kupita kiasi. Huko California, mwanafunzi aliyeitwa Ronald Konopka na mwalimu wake Seymour Benzer waliwalisha nzi madume dawa inayoharibu hapa na pale DNA, yaani yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, kisha wakachunguza vizazi vyao ukoo kwa ukoo. Walichokitafuta ni majira. Nzi hawa hutoka kwenye maganda yao alfajiri, na hata ukiwafungia katika giza tupu wanaendelea kuishika saa ile ile. Konopka alikaa akihesabu wanaotoka saa hii na wanaotoka saa ile, chupa baada ya chupa, akisaka ukoo uliopotea majira. Akapata koo tatu. Wa kwanza siku yao ilikuwa ya saa 19 badala ya 24. Wa pili siku yao ilikuwa ya saa 28. Wa tatu hawakuwa na siku kabisa, wakitoka na kutembea ovyo saa zote. Alipotafuta hitilafu hizo ziko wapi, zote tatu zikaangukia mahali pamoja kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Yaani jeni moja, ikiharibika hivi siku inafupika, ikiharibika vile inarefuka, na ikivunjika kabisa majira yanapotea. Waliitangaza kazi hiyo mwaka 1971, na jeni ikapewa jina period. Mimi kila ninapoisoma taarifa yao nashangazwa na jinsi vifaa vyao vilivyokuwa duni na jinsi jawabu lao lilivyokuwa safi.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1984, Jeffrey Hall na Michael Rosbash katika chuo cha Brandeis, na Michael Young katika chuo cha Rockefeller, walifanikiwa kuitenga jeni yenyewe na kuanza kuisoma. Kilichofuata ndicho kilichowapa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Jeni hiyo hutoa maagizo ya kutengeneza protini iitwayo PER. Usiku protini hiyo hujazana ndani ya seli. Ikishakuwa nyingi huingia kwenye kiini cha seli na kuizima jeni ile ile iliyoizalisha. Jeni ikizimwa, PER mpya haitengenezwi, na iliyopo huchakaa polepole hadi ikaisha. Ikiisha, jeni inawaka tena. Unalijua boya la tangi la maji la juu ya paa: maji yakipanda boya linafunga, yakitumika linashuka na kufungua. Seli nayo hufanya hivyo hivyo, na mzunguko mmoja wa kujaa na kuisha huchukua takriban saa 24. Wewe, mimi na mama mkwe tuna jeni za aina hiyo hiyo, tena zaidi ya moja: PER1, PER2, PER3, pamoja na nyingine ziitwazo CRY na CLOCK, hii ya mwisho ikiwa ilitokana na kazi ya Joseph Takahashi juu ya panya katika miaka ya 1990. Karibu kila seli ya mwili ina saa yake, na zote hufuata saa kuu iliyo ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Ni kikundi cha seli 20,000 hivi. Kiko karibu na macho kwa sababu mwanga ndio unaoirekebisha saa hiyo kila siku, jambo nitakalolirudia, maana dawa ya mwanao iko hapo.

Hiyo ilikuwa saa. Na usingizi wenyewe? Nzi hulala, na jinsi walivyothibitisha inapendeza. Kila nzi hutiwa peke yake katika kijibomba cha kioo chembamba kuliko kalamu, chakula upande mmoja, pamba upande wa pili. Katikati hupita mwale wa mwanga ambao jicho halioni. Nzi akipita anaukata mwale na kompyuta inaandika. Akikaa dakika 5 bila kuukata, anahesabiwa amelala. Si kukadiria tu: ukimshtua wakati huo huchelewa kuitika, ukimnyima usingizi usiku kucha kesho yake hulala zaidi ili kufidia, na ukimpa kafeini hukesha, kama mtu aliyekaa kwenye baraza akaongeza vikombe vya kahawa chungu baada ya isha. Kazi hizo zilitoka mwaka 2000, na tangu hapo maabara zimepanga vijibomba hivyo kwa maelfu, zikitafuta ukoo wa nzi wanaolala kidogo au sana kupita wenzao. Mwaka 2005 Chiara Cirelli na wenzake walitangaza kuwa wamepata ukoo unaolala theluthi moja tu ya kawaida. Hitilafu ilikuwa kwenye jeni inayosimamia jinsi chumvi ya potasiamu inavyopita katika seli za neva. Nzi hao walionekana wazima wakicheza na kuruka, lakini umri wao ulikuwa mfupi. Hilo nalitaja makusudi, kwa kuwa siku hizi vijana hujisifu kwamba wao usingizi hawauhitaji.

Sasa nikufikie wewe. Katika miaka ya 1990, kwenye jimbo la Utah huko Marekani, mwanamke mmoja mtu mzima alimwendea daktari wa usingizi, Christopher Jones, kwa malalamiko ambayo wewe ungeyaelewa kabla hajamaliza sentensi. Jioni haiwezi, usingizi unambeba mapema. Usiku wa manane yuko macho, na nyumba nzima imelala. Akaeleza kuwa na jamaa zake wengine wako vivyo hivyo. Daktari mwingine angempa vidonge akamwambia aende. Jones aliichukua ile habari ya jamaa kwa uzito. Yeye na mtaalamu wa jeni Louis Ptáček wakachora nasaba, wakawahoji watu wa ukoo huo na wa koo nyingine mbili, wakawapima joto la mwili na homoni ya melatonini, ambayo ubongo huitoa giza likiingia. Kwa wengi wao usingizi ulikuja kama saa moja na nusu usiku na kuamka ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, na si usingizi peke yake: joto na melatonini navyo vilikuwa vimetangulia kwa takriban saa 4. Walilala vya kutosha. Ni siku yao yote iliyokuwa imewahi.

Mwaka 1999 wakaitangaza kuwa hali ya kurithi, na mwaka 2001, wakishirikiana na Ying-Hui Fu, wakatoa jawabu: katika familia moja, herufi moja ya DNA ilikuwa imebadilika katika jeni ya PER2. Ni jamaa ya ile jeni ya nzi wa Konopka. Baadaye wakaipandikiza jeni hiyo yenye badiliko kwa panya, na panya wakaanza kuwahi kama wale watu wa Utah. Hapo ndipo mtu anaweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba jeni ndiyo inayofanya kazi hiyo, kwa kuwa panya hana mila za ukoo wala hajafundishwa na bibi yake kulala mapema.

Kwa aina hii ya urithi, mzazi mmoja mwenye badiliko anatosha, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kulipata. Bibi, mama na wewe, vizazi vitatu mfululizo, kunalingana na picha hiyo. Lakini sikupi hukumu kwa barua. Nataka ujiulize mambo mawili. Ulikuwa hivi tangu utotoni au umeanza ukubwani? Saa za watu huwahi zaidi kadiri umri unavyosogea, na huo si urithi wa ukoo bali wa binadamu wote. La pili, unapoamka saa tisa unaamka mwepesi, umeshiba usingizi, au unaamka na mawazo na moyo mzito? Kuamka mapema kuliko kawaida kwa majonzi ni moja ya dalili za sonona, na hiyo inatibika, kwa hiyo usiifunike kwa jina la jeni.

Kuna jingine ambalo nalisema kwa heshima. Najua kwamba mtu anayeamka saa tisa na kusimama kuswali anasifiwa, na yule anayelala hadi jua limpige anasemwa. Nia yako na ibada yako ni zako na Mola wako. Lakini kule kufumbuka macho kwenyewe huenda hukukufanyia juhudi yoyote, kama ambavyo mwanao hakufanya ukaidi wowote kwa kukosa usingizi saa nne za usiku. Nimeona watoto wakipigwa kwa sababu ya saa ya mwili, na inaniuma.

Utauliza, na ni haki yako: pengine sisi watatu tunalala mapema kwa sababu tumeleana. Binti huiga mama. Kweli kabisa, na ndiyo sababu wataalamu wakawageukia pacha. Pacha wa kufanana wana DNA moja. Pacha wasiofanana hushirikiana nusu hivi, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wote wamelelewa nyumba moja, chakula kimoja, kelele za punda zile zile. Basi ikiwa pacha wa kufanana wanakaribiana zaidi katika usingizi kuliko wasiofanana, ile ziada ina harufu ya jeni. Tafiti za namna hii zimefanywa nchi nyingi, na kwa ujumla zinaonyesha kwamba katika tofauti zilizopo baina ya watu, kiasi cha theluthi moja hadi nusu katika muda wa kulala, na karibu nusu katika kuwahi au kuchelewa, huelezwa na urithi. Mawimbi ya ubongo usingizini yanafanana zaidi hata kuliko hapo.

Hapa wengi hukosea, na gazeti nyingi zimekosea. Nusu hiyo haina maana kwamba nusu ya usingizi wa mwanao imetoka kwako na nusu kwenye simu. Inazungumzia tofauti kati ya watu katika jamii fulani, kwa mazingira waliyo nayo. Wape watu wote taa za umeme hadi usiku wa manane na hesabu itabadilika, ingawa jeni hazijabadilika hata moja.

Njia ya tatu ndiyo mpya zaidi. Badala ya ukoo mmoja wenye hali ya ajabu, unachukua watu laki kadhaa wa kawaida, unasoma DNA zao mahali mamilioni, na unawauliza wanalala vipi. Uingereza wana hazina iitwayo UK Biobank, ya watu takriban 500,000 waliojiunga wakiwa na miaka 40 hadi 69. Baadhi yao walivaa kifaa mkononi, mfano wa saa, kinachorekodi mtikisiko usiku na mchana. Mwaka 2019 kazi mbili kubwa zilitoka. Moja iliunganisha watu karibu 700,000 ikapata sehemu 351 za DNA zinazohusiana na kuwahi au kuchelewa kulala. Nyingine ilipata sehemu 78 zinazohusiana na muda wa kulala. Ukisikia 351 unadhani mambo yamekwisha. Sasa tazama uzito wake: waliochukua asilimia 5 ya juu kwa wingi wa herufi za kuwahi walilala mapema kuliko asilimia 5 ya chini kwa dakika 25 tu. Na herufi yenye nguvu kuliko zote katika muda wa kulala, iliyo karibu na jeni PAX8, huongeza dakika 2 na ushei. Dakika mbili! Mtu anamaliza dakika mbili akitafuta ufunguo wa mlango.

Kwa hiyo kuna jeni za aina mbili katika habari hii. Kuna zile adimu, kama ya Utah, ambazo moja peke yake inasogeza siku nzima ya mtu. Na kuna zile nyingi, ambazo kila mmoja wetu anazo baadhi, na kila moja inasukuma kidogo sana. Watu wakizichanganya hizi mbili ndipo maneno kama ya mwanao yanapozaliwa.

Na yeye je? Kuanzia balehe saa ya mwili husogea upande wa kuchelewa, na huendelea hivyo hadi karibu miaka 20, kisha huanza kurudi. Hili limeonekana katika nchi nyingi, hata kwenye wanyama wanaokaribia kukomaa. Melatonini yake inachelewa kupanda. Ukimwambia alale saa tatu, unamwambia alale wakati mwili wake uko bado katika jioni. Sasa fanya hesabu: analala saa nane usiku, unamwamsha saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni saa 4. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Huyo hajawa mvivu, huyo ana deni la usingizi la juma zima, na analilipa siku ya mapumziko kwa kulala hadi adhuhuri, mkamwona amezidi.

Yawezekana ana jeni ya kuchelewa juu ya umri? Yawezekana. Mwaka 2017 maabara ya Michael Young, Alina Patke akiwa mbele, ilieleza badiliko katika jeni CRY1 linaloirefusha saa ya mwili, na wenye nalo hulala usiku wa manane maisha yao yote. Lakini kwa barua hii siwezi kulitenganisha na ujana, na wewe pia huwezi, hadi apite miaka 20 na kitu. Mama mkwe naye ana hoja. Mwanga wa usiku huichelewesha saa zaidi, na simu iliyoshikwa mbele ya uso ina mwanga pamoja na mazungumzo yasiyokwisha. Kijana ambaye saa yake imeshachelewa kwa saa moja kwa sababu ya umri, simu inamwongezea saa nyingine.

Mume wako nitampita haraka. Mvuvi anayetoka na karabai usiku wa giza na kulala mchana, akifuata bamvua na maji mafu, huwezi kusoma jeni zake kwenye usingizi wake. Bahari ndiyo inayompangia.

Kabla ya ushauri, kuna jambo ambalo kama mtu wa pwani hii linanikera, na silifichi. Wale watu laki tano na laki saba niliowataja, karibu wote asili yao ni Ulaya. Sisi hatumo. Na Afrika ndiko kwenye mseto mkubwa wa DNA kuliko bara lolote. Pwani yetu ina mchanganyiko wake pia: mwaka 2023 wataalamu walisoma DNA kutoka mifupa ya kale ya miji ya Waswahili, ikiwemo Manda na Faza, wakaona asili ya Kiafrika, kwa sehemu kubwa upande wa akina mama, imeungana na asili ya Uajemi upande wa akina baba tangu takriban mwaka 1000. Kipimo kilichotengenezwa kwa Waingereza hakiwezi kuletwa Langoni kikasomwa vile vile. Kwa hiyo kijana akikuomba fedha za kupima DNA ili athibitishe hoja yake, zibaki mfukoni. Hata lile jambo la watu wanaotosheka kwa maumbile na usingizi mfupi, lililovuma tangu 2009 baada ya mama na binti yake kukutwa na badiliko katika jeni DEC2 wakilala saa 6 na robo, yalipotafutwa mabadiliko ya aina hiyo kwa watu wengi, athari yake haikuonekana kubwa kama ilivyodhaniwa.

Utafiti mmoja wa Afrika Mashariki ninaupenda sana. David Samson na wenzake waliwavisha watu wazima 33 wa jamii ya Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi huko Tanzania, vile vifaa vya mkononi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Vijana walichelewa, wazee waliwahi, na karibu kila saa ya usiku kulikuwa na mtu macho. Maelezo yao ni kwamba kwa kundi linalolala porini, tofauti hizi zilikuwa ulinzi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2017, na ukiyatazama utaona nyumba yenu: kijana anafunga macho saa nane, mama anafumbua saa tisa.

Sasa la kufanya. Chukua daftari, kila mtu wa nyumba aandike saa aliyolala na saa aliyoamka, kwa wiki mbili kamili, ili kwa upande wa mumeo bamvua na maji mafu yote yapite. Msifanye Ramadhani wala siku za Maulidi, kwa sababu siku hizo Lamu nzima haina ratiba. Afadhali iwe likizo ya skuli, maana usingizi wa mtu ambaye haamshwi ndio unaosema ukweli wa mwili wake. Kijana akilala saa nane na kuamka saa nne asubuhi akiwa mzima na mchangamfu, basi usingizi wake ni mzuri, ila umechelewa.

Saa iliyochelewa inarudishwa kwa mwanga. Atoke nje mara tu anapoamka, asikae ndani ya chumba chenye kuta nene na dirisha dogo. Aende gatini, anunue mahamri, arudi kwa miguu, nusu saa inatosha kuanzia. Sisi tulioko karibu na ikweta tuna bahati, jua letu linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Saa ya kuamka isiachane sana kati ya siku za skuli na za mapumziko. Muiwahishe kwa dakika 15 kila baada ya siku chache, msivute saa 3 kwa usiku mmoja. Baada ya isha taa zipunguzwe na simu ikae nje ya chumba anacholala, na sheria hiyo iwe ya nyumba nzima, si yake peke yake, la sivyo atakuona unamwonea. Kahawa iishe alasiri, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa 5 hivi. Na kama anaonja miraa usiku na wenzake, hapo tusitafute jeni kwanza.

Kwako wewe ni kinyume chake. Ukitaka jioni irefuke kidogo, kaa nje kwenye mwanga kuanzia alasiri hadi magharibi, na ukiamka saa tisa usiwashe taa kubwa wala usishike simu. Kama hali yako haikusumbui, iache ilivyo, si ugonjwa.

Kuna dalili ambazo zinataka hospitali wala si daftari. Mtu anayekoroma sana kisha pumzi inakatika na kurudi kwa kishindo. Mtu ambaye miguu inamwasha na kumtaka aitikise kila akilala. Hiyo nayo ina jeni zake zilizojulikana tangu 2007, na wakati mwingine ni upungufu wa madini ya chuma, ambao unatibika. Na zaidi ya zote, kijana anayesinzia ghafla katikati ya mazungumzo, au akicheka magoti yanamlegea akaanguka huku fahamu anazo. Hiyo inaitwa nakolepsi. Tuliielewa kupitia mbwa wa chuo cha Stanford, wa aina ya Doberman, ambao walikuwa wakianguka kwa furaha wakiletewa chakula. Mwaka 1999 timu ya Emmanuel Mignot ikakuta jeni ya kipokezi cha kemikali ya ubongo inayotuweka macho, iitwayo oreksini, imeharibika. Kwa binadamu mara nyingi si jeni hiyo iliyovunjika, ni seli zinazotoa oreksini ambazo zimekufa, lakini bila wale mbwa tusingejua pa kutazama. Watu wenye hali hii huitwa wana kifafa, au huambiwa wamepagawa, wakazungushwa miaka bila kuonwa na daktari. Ukiona lolote kati ya hayo kwa mwanao, nenda naye hospitali ya kaunti pamoja na lile daftari, na uombe rufaa kwa daktari wa neva.